Taa za Ukungu Ulizofunga Hazikuwa na Kosa

Kijiji cha Mapera,
Wilaya ya Mbinga,
Ruvuma.
14 Septemba 1999

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu Mansuetus,

Marahaba. Najua hujaniamkia tangu mwaka wa tisini na tano, lakini nimeamua kuzipokea shikamoo zako zote za miaka minne kwa mkupuo mmoja. Nikingoja uzitamke mwenyewe nitakufa hazijafika. Marahaba, marahaba, marahaba.

Hujambo wewe? Mkeo hajambo? Mtoto ameanza kukaa? Praygod, yule kijana wa hapa anayepeleka maharage huko Mwanza, alirudi mwezi wa saba akatuambia mmepata mtoto wa kiume na mmemwita Othmar, jina la marehemu baba yako. Nilikaa chini nikalia, halafu nikainuka nikapiga vigelegele mpaka jirani akaja na kibuyu akidhani kuna posa. Nimerudishiwa mwanangu. Mwambie mkeo amfunike miguu, watoto wa ukoo huu huumwa kifua.

Praygod anasema pia ziwa lenu la huko ni kubwa kuliko Nyasa. Huyo kijana tangu zamani ni mwongo.

Mimi sijambo kwa kadiri ya mtu aliyekwisha kula chumvi nyingi. Meno yamebaki matatu na hayaelewani. Magoti yanakataa mteremko ila kupanda yanakubali, sijui nani aliyafundisha. Kahawa mwaka huu imezaa, ila bei imelala. Wale wanunuzi waliokuwa wakigombana mlangoni mwetu sasa wanapita wanatupungia mkono.

Mwandiko huu umekwisha kuutambua. Ni wa baba yako mdogo, Bernadi. Mimi unajua kalamu sijapata kuishika, shule yangu ilikuwa jembe. Nilitaka kumwita katekista aje aniandikie, Bernadi akakataa, akasema kalamu ataishika yeye. Kwa hiyo ujue kila neno unalosoma limepita kwanza masikioni mwake, na mguu wake ule mfupi ameunyoosha hapa mbele yangu kwenye jamvi.

Sasa nisikuzungushe, maana unanijua, sina maneno ya kuzunguka. Zile taa za ukungu ulizofunga kwenye Landrova hazikuzimika kwa sababu yako. Zilizimika kwa sababu yangu. Wewe hukukosea hata waya mmoja. Nimelijua hilo mwezi uliopita, na tangu nilijue ugali haushuki.

Nitakueleza lilivyokuwa. Wewe soma mpaka mwisho, hata kama unataka kuichana. Ukiisha kusoma, ichane.

Unaikumbuka siku ulipozifunga. Nilikuwa barazani nachambua maharage, na ukweli sikuchambua kitu, nilikuwa nakutazama wewe. Ulikuwa umelala chini ya bampa, miguu tu ndiyo iko nje, unaimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya pili kana kwamba sauti ya kwanza iko ndani ya injini. Ukachukua msasa ukakwangua rangi kwenye chuma mpaka kikang'aa. Nikakupigia kelele, "We mtoto, gari la ukoo unalichubua ngozi!" Ukanijibu kutoka huko chini, "Bibi, waya wa kurudisha umeme unataka chuma kitupu. Ukiuwekea rangi unagoma." Nikasema kumbe umeme una maringo kama mama mkwe.

Nikakuuliza kama kile kidude cha kubonyeza ndicho kinachobeba moto wa taa zote mbili. Ukacheka. Ukasema swichi haibebi mzigo, inatuma tu. Ukanionyesha kile kiboksi cheusi karibu na betri, ukakiita rilei, ukasema huyu ndiye mbebaji, swichi inamnong'oneza na yeye anafungua njia. Nikasema, basi swichi ni mimi na rilei ni mama yako. Mama yako Ottilia alikuwa anapita na ndoo ya maji kichwani, akasema bila kugeuka, "Leo mama umesema kweli." Tulicheka sote watatu. Sijasikia kicheko kama kile ua hili tangu siku hiyo.

Ukanionyesha na fyuzi, kile kichupa kidogo cha kioo chenye uzi ndani. Ukaniambia kazi yake huyu ni kufa. Umeme ukipita njia isiyo yake, yeye anakatika kwanza ili gari lisiungue. Nikakuuliza, sasa yeye amekosa nini? Ukasema, "Hajakosa, bibi. Amewekwa pale kwa kazi hiyo."

Halafu ukanishika mkono ukanipeleka kwenye usukani. Ukaniambia, "Bibi, amri ya taa inaanzia hapa nyuma ya swichi, usiingize kitu. Hata uzi." Nilisikia. Sitakudanganya kwamba masikio ya uzee yalinihadaa. Nilisikia vizuri kabisa.

Lakini mimi moyoni nilikuwa na jambo langu. Gari lile lilinunuliwa kwa kahawa ya ukoo mzima, ule mwaka bei ilipopanda, na wenye jicho baya walikuwa wengi. Padre alikuwa amekwisha kulibariki. Alinyunyizia boneti, akanyunyizia matairi, akanyunyizia na mbuzi aliyepita. Mimi nikawaza, nje pamebarikiwa, je ndani? Nilitaka kutundika rozari yangu kwenye kioo cha dereva, ile ya mnyororo wa chuma niliyopewa na masista siku ya kipaimara. Nikaogopa Bernadi atanicheka mbele ya abiria. Nikaogopa na abiria wataiiba.

Basi uliposema hapa nyuma ya swichi ndipo amri ya taa inapoanzia, mimi nikaelewa kwa akili yangu. Nikasema, kumbe hapa ndipo penye roho ya gari. Penye nguvu ndipo pa kuweka sala. Ulipokwenda mtoni kuoga nikaingia garini. Kile kibati cha kufunika swichi ulikuwa bado hujakikaza, nikaichomeka rozari mle ndani, nikaizungusha kwenye kile kichuma kilichoshika swichi, nikasali Salamu Maria tatu, nikatoka. Ulirudi ukakaza skrubu zako nne bila kuchungulia. Ungechungulia kwa nini? Ulikuwa umekwisha kunionya, na uliniamini.

Safari mbili zilikwenda salama, kushuka na maharage mpaka Mbamba Bay na kupanda na dagaa wa usipa. Kila Bernadi aliporudi akisifu taa zako nilikuwa natabasamu peke yangu, nikisema moyoni, sifu taa, mimi najua kinachowasha.

Safari ya tatu unaijua. Mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ule wa huku juu ambao ukinyoosha mkono vidole havirudi. Bernadi alisema taa zilizimika ghafla kwenye kona na hakuiona barabara tena. Gari likalala kwenye mashimo ya mashamba ya ngoro huko chini. Wale akina mama wawili wa nyuma walitoka na michubuko tu. Bernadi mguu ukavunjika mahali pawili, na ukaunga vibaya, na tangu siku hiyo hajaweza kukanyaga klachi.

Na sasa nikwambie kinachoniuma kuliko vyote. Mimi niliposikia Bernadi amepona na roho yake, nilisema rozari ndiyo iliyomwokoa. Miaka minne, Mansuetus. Miaka minne nimepiga magoti nikiishukuru ile rozari, na kila nikimaliza kushukuru nainuka na kukulaumu wewe.

Yale niliyosema kwenye sengu uliyasikia, lakini itabidi niyarudie, maana aliyeyatema ndiye wa kuyalamba. Wanaume wa ukoo walikuwa wamekaa kula na kuamua jambo la ajali. Sisi wanawake hatukai sengu, tunapeleka ugali tunarudi jikoni. Mimi siku ile nilipeleka ugali na sikurudi. Nilisimama na bakuli mkononi nikasema, nani alimpa mtoto wa Mnyasa gari la watu wa milimani? Nikasema, taa za Wanyasa ni za kudanganyia samaki, ndiyo kazi wanayoijua, kuwasha karabai usipa wajae wavuni, na leo amemvua mwanangu.

Wazee wengine walicheka. Unajua kicheko cha watu walioshiba. Hapo ndipo jambo lilipoamuliwa, kwenye kicheko kile. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na grisi bado iko kwenye kucha. Mama yako alikuwa nyuma yangu na sinia la mboga. Alilitua sinia chini taratibu, kama mtu anayetua yai.

Wewe uliondoka siku ya tatu. Yeye aliondoka siku ya nne, akarudi kwa ndugu zake Liuli. Mjane wa mwanangu, aliyenipikia miaka kumi na tisa. Nikasema waende, damu ya ziwani haikai milimani. Niliyasema kwa sauti kubwa ili nisisikie kilichokuwa kinasemwa ndani yangu.

Mwezi uliopita Bernadi akaona lile gofu la gari linaota majani bure nyuma ya jiko. Akamwita fundi Methodi wa Mbinga mjini aje alifungue, auze vipuri vinavyofaa. Methodi ni mtu wa maneno mengi, anazungumza na nati kama anazungumza na mashemeji. Akafungua dashibodi, halafu akanyamaza. Mimi nilipomsikia Methodi amenyamaza nikajua kuna nyoka.

Akaja barazani na swichi yako kiganjani. Rozari ilikuwa imening'inia hapo, mnyororo umeungana na mguu wa swichi kama umechomelewa. Akasema, "Bibi Marselina, hebu tazama maajabu. Nani katundika mnyororo wa chuma kwenye swichi? Umeteleza ukashika umeme huku na bodi huku, fyuzi ikakatika. Aliyezifunga taa hizi ni fundi kuliko mimi. Laiti ningekuwa naye gereji." Kisha akaniuliza, "Hii rozari ya nani?"

Nikasema sijui.

Ndiyo, bibi yako alisema sijui. Nikaichukua nikaifunga kwenye pindo la kitenge, nikakaa nayo siku tatu. Siku ya kwanza nilisema Methodi anaropoka. Siku ya pili nilisema, mtu mwenyewe yuko Mwanza, ana mke, ana mtoto, amekwisha kusahau. Siku ya tatu nikakumbuka neno jingine la Praygod, ambalo nilikuwa nimelitupa uvunguni. Alisema wewe huko unabeba magunia ya saruji ghalani. Alisema gari la tajiri wako liliharibika umeme, wenzako wakauliza nani anajua waya, na wewe ukageuza uso ukaendelea kubeba. Praygod alikuwa anakufahamu, akashangaa. Akakuuliza, nawe ukamjibu, "Mimi waya sishiki. Mikono yangu ina nuksi."

Neno hilo si lako. Nimekupandia mimi. Ile fyuzi uliyonionyesha, niliyokuuliza imekosa nini, nikaja nikakufanya wewe ndiye fyuzi. Umekatika wewe ili mimi nisiungue.

Nilimwendea Bernadi kwenye vichanja vya kahawa. Alikuwa anatenga zilizooza. Nikafungua pindo nikaweka rozari juu ya kahawa, nikamweleza yote, nikangoja anipige kwa fimbo yake. Aliendelea kutenga kahawa mpaka kivuli kikahama. Halafu akasema, "Mama, si ungeniambia tu? Ningekutundikia kwenye kioo." Basi. Heri angenipiga.

Nikamweleza na padre kwenye kitubio. Aliniambia Mungu amesamehe, lakini jina la mtu linarudishwa mahali lilipochukuliwa. Nikasema, padre, pale hawakai wanawake. Akasema, "Mara ya kwanza ulipitaje?" Huyo padre ni kijana lakini ana mdomo.

Jumapili tarehe tano niliingia sengu kwa mara ya pili katika maisha yangu. Sengu yenyewe ya siku hizi si ile ya chungu kimoja ya wazee wetu, lakini watu walijaa. Nilileta jogoo kwa mkono wangu, sikungoja kudaiwa. Nikasimama palepale niliposimama siku ile. Nikasema: taa za Mansuetus zilikuwa nzima, mnyororo ni wangu, onyo alinipa nikalivunja, na neno nililosema juu ya watu wa mama yake ni uchafu wa kinywa changu, narudi nalo nyumbani. Rozari nikaipitisha mkono kwa mkono, kila mzee aishike.

Mzee mmoja akasema, mama hapigwi faini, tuyaache haya, ni ya kale. Nikamwambia, wewe ndiye uliyecheka kwa sauti kuliko wote, kwa hiyo nyamaza au omba radhi. Akaomba radhi. Wakaamua kwamba jina lako limesafishwa mbele ya ukoo, na yeyote atakayelitaja jambo lile kwa ubaya atatoa jogoo kama mimi. Bernadi alikuwa amekaa karibu nami, hakuinua uso muda wote. Nadhani alinionea aibu. Ana haki.

Jumatano nikapanda lori kwenda ziwani. Nilikaa juu ya magunia ya mahindi na magoti yangu haya, na kila kona nilikuwa nashikilia kamba nikisema, hivi ndivyo unavyostahili, Marselina.

Nilimkuta mama yako ufukweni anaanika usipa kwenye vichanja. Amekonda, ila mgongo umenyooka kama zamani. Aliniona, akaendelea kutandaza. Akasema, "Shikamoo mama. Umekuja kununua usipa?"

"Marahaba. Nimekuja kuomba."

"Wa kuomba tunawapa jioni. Asubuhi tunauza."

Nilistahili. Nikakaa mchangani pale pale, nikamweleza mbele ya kaka yake na mbele ya wanawake wenzake waliokuwa wakianika. Sikuficha hata rozari. Wale wanawake waliacha kazi wakanizunguka. Nilipofika kwenye neno la taa za kudanganyia samaki, mmoja akaguna, "Na wa mlimani wanatundika minyororo, wavue nini?" Wakacheka. Nikacheka na mimi, maana alikuwa amenipata pazuri.

Mama yako hakucheka. Alisema, "Mama, nilimzika mama yangu hapa mwaka juzi. Hakuna mtu wa Mapera aliyekuja." Nilijua, na sikuja. Nikamwambia hivyo hivyo, nilijua na sikuja.

Akatandaza kichanja kizima. Halafu akasema, "Mimi sina la kukusamehe peke yangu. Mwandikie yeye. Yeye akishika waya tena, na mimi nitapanda mlima kukusalimu. Asiposhika, tubaki hivi hivi, wewe juu na mimi chini." Alinifungia usipa kwenye jani, akanikataza nisimlipe chochote, na hiyo iliniuma kuliko kunifukuza.

Kwa hiyo mume wangu, ndilo ninalokuomba. Sikuombi urudi Mapera. Mwanza ni mbali na una mtoto mchanga, na mtu harudi mahali kwa sababu kikongwe kimoja kimepata akili kikiwa kimechelewa. Sikuombi hata unisamehe mimi, hilo utaliamua mwenyewe na utachukua muda unaotaka, ila usichukue mrefu sana, nakuhesabia meno yangu.

Ninachokuomba ni ushike waya. Gari la tajiri wako likiharibika, usigeuze uso. Chukua bisibisi, chukua koleo, kwangua chuma kitupu kama ulivyojua, funga kazi yako, uwashe. Kama huniamini mimi, mwamini Methodi ambaye hakujui wala hana sababu ya kukubembeleza. Ameiona kazi yako baada ya miaka minne ya mvua, na bado ameisifu. Anasema rilei yako bado inaitika. Amekataa kuiuza.

Na ukishika, mwandikie mama yako, usiniandikie mimi. Yeye barua husomewa na kaka yake. Mwambie tu, mama, leo nimefunga hiki na kimewaka. Mimi nitajua siku nitakapomwona anapanda mlima.

Kama hutaki kushika kwa sababu umeichoka tu kazi yenyewe, hiyo ni haki yako, na saruji ni kazi ya kiume. Lakini kama ni kwa ajili ya neno langu, neno hilo nimekwisha kulichukua. Usiwe mpumbavu ukaendelea kubeba mzigo ambao mwenyewe amekuja kuuchukua. Nakusema kwa sababu nakupenda, na nisingekupenda ningekaa kimya nikafa na heshima yangu.

Wanakusalimu wote. Shangazi yako Hedwiga anasema ulimwachia sufuria yake kwa jirani ukiwa na miaka kumi na miwili, na bado anaidai. Gertruda wa Bernadi ameolewa Liparamba na ana mapacha, wote wabaya kama baba yao lakini wana afya. Mzee Nathanieli anakusalimu, haoni tena, ila anakumbuka sauti ya pili ya kwaya. Nisalimie mkeo, ambaye simjui jina kwa sababu Praygod alikumbuka ukubwa wa ziwa akasahau jina la mtu. Mbusu Othmar kwenye utosi, umwambie busu hilo limetoka kwa mama yake wa zamani.

Mungu akulinde unapopanda na unapovuka. Mikono yako aibariki kidole kwa kidole, mpaka ule wa mwisho ulioubana kwenye mlango wa kanisa ukiwa mdogo. Ulale bila kushtuka. Na chakula chako kikutoshe, kibaki cha mgeni.

Ni mimi, mkeo mzee, bibi yako anayekupenda na ambaye hakuonyesha,
Marselina
(alama ya kidole gumba chake iko hapa chini)

Mansuetus, sasa hapa ni mimi Bernadi. Mama ameweka kidole chake akaenda bondeni kuchuma mboga. Ameniambia nifunge bahasha. Sijafunga.

Siku ulipomaliza kazi ile ulinivuta pembeni, bibi yako hakusikia. Uliniambia, "Baba mdogo, kwenye ukungu hizi za njano ziende pamoja na taa kubwa. Zile kubwa zishushe tu, usizizime. Moja ikifa, nyingine ibaki." Asubuhi ile niliona ukungu unanirudishia mwanga usoni, nikazizima taa kubwa. Nikabaki na zako tu. Zilipokatika sikuwa na nyingine, na kabla mkono wangu haujafika kwenye swichi ya taa kubwa gari lilikuwa limekwisha kuacha barabara.

Kwenye sengu waliniuliza nikasema taa zilizimika. Sikusema zipi. Bibi yako alipokutukana nilikuwa nimelala kwenye machela pale pale, ningeweza kufungua kinywa. Nilikifunga miaka minne. Na Jumapili ile mama aliposimama akabeba yote peke yake, na jogoo mkononi, nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, nikautazama mguu wangu.

Rozari ilikata fyuzi. Mguu nilijivunja mwenyewe.

Namsikia anapanda, anaguna na magoti yake. Akiketi nitamsomea barua hii tangu juu mpaka hapa, halafu ndipo niifunge.